Maisha ya Wasanii Kwenye Sinema: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu maswali haya yote nimeulizwa na watu waliomaliza kutazama filamu dakika hiyo hiyo, majina ya waigizaji bado yakipanda kwenye skrini. Nimeanza na mepesi. Majibu yanataja miisho ya filamu kadhaa, kwa hiyo kama hutaki kuambiwa kwamba Mozart anakufa, ruka sehemu ya nne.

## Ya kuanzia

Filamu ya wasifu ni ipi, na ina tofauti gani na filamu ya hali halisi?

Filamu ya wasifu humvika mwigizaji maisha ya mtu aliyewahi kuishi. Filamu ya hali halisi humtumia mtu mwenyewe: sauti yake, picha zake za zamani, watu waliomjua. Mpaka kati yake si ukuta. *Edvard Munch* ya Peter Watkins (1974) imeigizwa mwanzo hadi mwisho, lakini wahusika wake huigeukia kamera na kujibu maswali, kana kwamba karne ya 19 ilikuwa na waandishi wa televisheni.

Niliyoyaona yalitokea kweli?

Mengine ndiyo, mengine yametiwa chumvi, mengine yamezuliwa tangu mwanzo. Kuuliza "kweli au uongo" peke yake hakufiki mbali. Mimi huuliza jambo lililobadilishwa limehamishiwa wapi, na kwa nini pale.

Chukua *Bohemian Rhapsody* (2018), iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Zanzibar ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Kwenye filamu, Queen wanasambaratika, wananuniana, kisha wanapatana kwa ajili ya tamasha la Live Aid la Julai 1985, uwanjani Wembley, London. Mazoezini, Freddie anawaambia wenzake kwamba ana virusi vya UKIMWI. Kumbe bendi haikuwahi kuvunjika: walitoa albamu 1984 na walikuwa wamemaliza ziara ndefu miezi michache tu kabla ya tamasha. Na habari za virusi, kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, ni za mwaka 1987 hivi. Watengenezaji wamelichukua jambo la baadaye wakalisogeza nyuma, ili zile dakika ishirini hivi za jukwaani ziwe za mtu anayeaga. Machozi uliyolia pale Wembley ni halali yako. Tarehe ndiyo ya kughushi.

Mbona zote zinafanana?

Maisha hayana umbo, na filamu ya saa mbili lazima iwe nalo. Ndipo unapoletewa jeraha la utotoni, mtu mmoja mwenye jicho kali anayekitambua kipaji, umaarufu, ulevi, ndoa inayovunjika, kujirudi, na jukwaa la mwisho. *Ray* (2004) na *Walk the Line* (2005) zilifuatana kwa mwaka mmoja, na zote mbili zinajengwa juu ya ndugu aliyefariki utotoni. Ndugu hao walifariki kweli, wa Ray Charles na wa Johnny Cash. Kukifanya kifo kiwe ufunguo wa kila wimbo uliofuata, hiyo ni kazi ya mwandishi wa skripti.

*Walk Hard* (2007) iliudhihaki mtindo huo vizuri mno: mwanamuziki hawezi kupanda jukwaani mpaka kwanza ayakumbuke maisha yake yote. Tangu niitazame, kila nikimwona mwimbaji ameinamisha kichwa gizani nyuma ya jukwaa, huanza kucheka kabla ya wakati.

Ngano hizi zilianza na sinema?

Hapana, sinema ilizirithi. Giorgio Vasari, mchoraji wa Italia aliyechapisha kitabu chake cha maisha ya wasanii mwaka 1550, anasimulia kwamba Giotto alikuwa mtoto mchungaji. Siku moja alikuwa akimchora kondoo juu ya jiwe, mchoraji mkubwa Cimabue akapita njia, akashangaa, akamchukua. Kipaji cha kuzaliwa kisicho na mwalimu, kikiokotwa njiani kwa bahati: visa vya namna hiyo vimesimuliwa kuhusu wasanii chungu nzima. Mtoe kondoo, weka klabu ya usiku na mtu wa kampuni ya rekodi aliyekaa kona, na filamu yako imeshaanza.

## Van Gogh, mwenye maswali kuliko wote

Kwa nini watengenezaji filamu hawamwachi apumzike?

Alikufa kijana, miaka 37. Aliacha mamia ya barua, kwa hiyo mwandishi wa skripti anaikuta nusu ya kazi imeshafanywa. Rangi zake kamera inazipenda. Na kuna sababu ambayo haisemwi sana: amekufa tangu 1890, hakimiliki ya picha zake imekwisha, hakuna mrithi wa kubembelezwa. Linganisha na Picasso, kwenye swali la ruhusa huko chini.

Kila mwongozaji hujitengenezea Van Gogh wake. Vincente Minnelli, *Lust for Life* (1956), alimpa Kirk Douglas mtu anayewaka moto kuanzia nywele. Akira Kurosawa alimkabidhi Martin Scorsese dakika chache kwenye *Dreams* (1990), akamfanya mtu asiye na muda wa mazungumzo kwa sababu jua linazama. Julian Schnabel, ambaye mwenyewe ni mchoraji, alimchukua Willem Dafoe mwenye miaka zaidi ya 60 (*At Eternity's Gate*, 2018), na ajabu ni kwamba umri unasahaulika mara moja. Maurice Pialat (*Van Gogh*, 1991) alikwenda kinyume cha wote: siku za mwisho kule Auvers-sur-Oise, chakula cha mchana, dansi, ugomvi mdogo wa familia. Hata risasi hatuioni ikifyatuliwa.

Lakini mwanzo ninaoukumbuka zaidi ni wa Robert Altman, *Vincent & Theo* (1990). Inaanza na mnada halisi wa Christie's, London, 1987, picha ya alizeti ikipandishwa bei kwa mamilioni ya pauni. Kisha tunahamishiwa kwenye chumba kichafu, Vincent amelala, anabishana na mdogo wake kuhusu fedha. Sauti ya dalali haikatiki. Inaendelea kutaja mamilioni juu ya kitanda kile.

Ni kweli aliuza picha moja tu maishani?

Hadithi hii ina mguu mmoja wa kweli. *Shamba Jekundu la Mizabibu* ilinunuliwa mwanzoni mwa 1890, kwenye maonyesho ya Brussels, kwa faranga 400. Mnunuzi alikuwa Anna Boch, naye mchoraji. Ila mapema kabisa, mwaka 1882, ami yake aliyefanya biashara ya sanaa alimwagiza michoro ya mji wa The Hague na akamlipa. Na hapo katikati alibadilishana picha na wachoraji wenzake. "Moja tu" inakumbukika kirahisi, basi.

Pia alichora kwa miaka kumi hivi tu, na alipokufa ndiyo kwanza wakosoaji walikuwa wameanza kumwandika. Filamu zinampa maisha mazima ya kukataliwa. Ukweli ni kwamba aliondoka mlango ukiwa umeanza kufunguka.

Alikata sikio lote au kipande?

Desemba 1888, mjini Arles. Kwa muda mrefu ilisemwa ni ncha tu ya chini. Mwaka 2016 ulitangazwa mchoro wa daktari aliyemtibu, Félix Rey, na mchoro ule unaonyesha karibu sikio zima.

Ile picha ya kunguru juu ya shamba la ngano ndiyo aliyoichora mwisho?

Siyo. Minnelli ndiye aliyeigandisha akilini mwa watu: kunguru wanamvamia, anapiga brashi kwa wazimu, mlio wa bunduki. Jumba la makumbusho la Van Gogh kule Amsterdam linaichukulia picha ya mizizi ya miti kuwa ya mwisho, nayo haikumalizika. Mizizi haina radi wala ndege weusi. Ndiyo maana hakuna aliyeifanyia muziki wa huzuni.

Nimeona filamu inayosema aliuawa.

Ni dai lililotolewa kwenye kitabu cha wasifu wake cha 2011: kwamba vijana wa kijijini walimpiga risasi, labda kwa bahati mbaya, naye akawafichia siri. *Loving Vincent* (2017) imelizungushia upelelezi wake, na Schnabel amelionyesha. Wataalamu wa jumba la Amsterdam hawajashawishika. Wanashikilia kwamba alijipiga mwenyewe. Kwa filamu, dai hili ni tamu kwa sababu linaleta muuaji. *Loving Vincent* itazame hata hivyo, kwa kazi ya mikono: fremu 65,000 hivi, kila moja imepakwa rangi ya mafuta na wachoraji zaidi ya mia moja.

## Kazi yenyewe iko wapi?

Mbona karibu hatumwoni msanii akifanya kazi?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, na ningeulizwa swali moja tu ningetaka liwe hili. Kazi ya sanaa, kwa mtu aliyesimama pembeni, inachosha. Mtu ameketi. Anafuta. Anaamka, anaketi. Anachungulia dirishani saa nzima, kisha anabadili neno moja. Filamu ikikosa namna ya kulionyesha hilo, inaweka kitu kingine mahali pake: kilio, chupa, mwanamke anayeondoka na sanduku. Tunatoka tukiamini kwamba mateso ndiyo yaliyochora picha. Zile ngano nyingine zote, za wazimu, za umaskini, za kuuza picha moja, zimeingia kupitia tundu hilo hilo.

Wachache wamejaribu kuliziba. Henri-Georges Clouzot alimpa Picasso wino unaopenya hadi upande wa pili wa karatasi, akaweka kamera nyuma (*Le Mystère Picasso*, 1956). Mkono huuoni, unaona mstari unazaliwa wenyewe, samaki anageuka kuku, kuku anageuka uso. Mpiga picha wake alikuwa Claude Renoir, mjukuu wa mchoraji Auguste Renoir. Jacques Rivette naye, kwenye *La Belle Noiseuse* (1991), alitumia karibu saa nne kwa mchoraji wa kubuni na msichana anayechorwa. Kwa dakika nzima nzima husikii kitu isipokuwa kalamu ya chuma ikikwaruza karatasi, kidimbwi cha wino mweusi kikisukumwa kwa kidole, msichana akihema kwa uchovu wa kukaa mkao mmoja. Ukitoka hapo, shingo inakuuma wewe.

Na Andrei Tarkovsky alikata shauri lililo kinyume. *Andrei Rublev* (1966) ina urefu wa saa tatu na hatumwoni Rublev, mchoraji wa Urusi, akichora ikoni (picha takatifu) hata moja. Tunaona vita, njaa, na kijana anayesubu kengele kubwa bila kuijua siri ya kazi. Filamu nzima ni nyeusi na nyeupe. Mwisho kabisa rangi inaingia, na kamera inatambaa taratibu juu ya ikoni zenyewe, inchi kwa inchi, nyufa na kila kitu.

Yule mwigizaji anachora kweli?

Wakati mwingine. Timothy Spall alijifunza kuchora kwa takriban miaka miwili kabla ya *Mr. Turner* (2014), filamu ya Mike Leigh kuhusu mchoraji wa Uingereza. Ed Harris alijifunza kumwaga rangi kwa ajili ya *Pollock* (2000), kuhusu mchoraji wa Marekani Jackson Pollock, na inaonekana mgongoni, mgongo wa mtu anayejua rangi itaangukia wapi. Kwenye *La Belle Noiseuse* mkono unaouona si wa mwigizaji, ni wa mchoraji Bernard Dufour. Sauti ya Freddie uliyoisikia kwenye filamu ya 2018 imechanganywa: rekodi za Freddie mwenyewe, mwimbaji Marc Martel, na Malek kidogo.

Waliofika mbali zaidi ni Jean-Marie Straub na Danièle Huillet. Kwenye filamu yao ya 1968 kuhusu Bach, aliyevaa wigi la Bach ni Gustav Leonhardt, mpiga kinanda mashuhuri, na muziki ulirekodiwa pale pale kamera zikiwa zinazunguka. Hakuna anayelia. Baadhi ya watu husinzia. Mimi pia nilisinzia mara ya kwanza.

Kamera ikiwepo, msanii hufanya kazi vile vile?

Muulize Pollock. Mwaka 1950 mpiga picha Hans Namuth alimrekodi akifanya kazi nje ya nyumba yake, akamwelekeza asimame wapi na aanze lini. Ili uso uonekane, Pollock alimwaga rangi juu ya kioo, kamera ikiwa chini. Kurekodi kulipoisha, Novemba, siku ya baridi, aliingia ndani akanywa pombe baada ya miaka kama miwili ya kujizuia. Filamu ya Harris inakirudia kisa hicho, na ni sehemu yake bora kabisa: filamu kuhusu filamu iliyomdhuru msanii.

Michoro inayoonekana ni halisi?

Mara nyingi ni nakala. Hakimiliki katika nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, hudumu miaka 70 baada ya msanii kufariki, kwa hiyo Picasso, aliyefariki 1973, anahitaji ruhusa hadi mwisho wa 2043. Warithi wake waliinyima *Surviving Picasso* (1996) ruhusa hiyo; picha unazoziona zimebuniwa kwa kuiga mtindo. Mwaka huo huo Schnabel alinyimwa kazi za mchoraji Basquiat, akazichora yeye na msaidizi wake. Hebu lifikirie hilo: mchoraji maarufu anatengeneza filamu kuhusu mchoraji mwenzake aliyemfahamu, na picha zote zimetoka mkononi mwake na mwa msaidizi wake.

John Maybury aliponyimwa kazi za mchoraji Francis Bacon kwa ajili ya *Love Is the Devil* (1998) hakuiga chochote. Alipiga picha kupitia vioo na lenzi zinazopotosha, mpaka baa yenyewe na nyuso za walevi zikawa kama picha za Bacon. Kunyimwa kulimfaa.

Na kwa wanamuziki?

Ni yale yale, ila yanauma zaidi. Filamu ya 2013 kuhusu Jimi Hendrix haina wimbo hata mmoja alioutunga, na *Stardust* (2020), kuhusu David Bowie, haina nyimbo zake. Angalau mchoraji unaweza kumwonyesha mgongo.

## Waliosingiziwa na waliosahaulika

Salieri alimuua Mozart?

Hapana. Uvumi kwamba Salieri alimuua mtunzi mwenzake wa muziki ulizagaa angali hai, Pushkin akautungia tamthilia fupi mwaka 1830, Peter Shaffer akaandika yake mwaka 1979, na Miloš Forman akaipiga filamu: *Amadeus* (1984), Oscar nane. Salieri halisi aliheshimiwa, aliwafundisha Beethoven na Schubert, na baadaye alimfundisha mtoto wa Mozart mwenyewe. Sijui ni mama gani angempeleka mwanawe kwa muuaji wa mumewe.

Usiku ule wa mwisho, Mozart kitandani akitaja noti na Salieri akiziandika, haukuwepo. Aliyeagiza ile *Requiem*, muziki wa misa ya wafu, hakuwa mtu wa ajabu mwenye kinyago bali mwakilishi wa kabaila tajiri, von Walsegg, aliyefiwa na mkewe na aliyependa kujipachikia kazi za wengine. Hata kaburi halikuwa shimo la mafukara. Mozart alizikwa kwa utaratibu wa kawaida wa Vienna ya wakati ule.

Pamoja na hayo yote, onyesho lile ndilo bora kuliko yote niliyowahi kuona kuhusu utunzi wa muziki. Sauti za wanaume zinaingia, kisha matarumbeta, kisha nyuzi, moja moja, halafu zote kwa pamoja, na uso wa F. Murray Abraham, anayemwigiza Salieri, unakimbia nyuma ya noti kama mtu aliyeachwa na treni. Limezuliwa, na bado linaonyesha kazi. Filamu nyingi za ukweli mtupu hazijaweza.

Rembrandt alifilisika kwa sababu *Doria ya Usiku* ilikataliwa?

*Rembrandt* ya Alexander Korda (1936), akiigiza Charles Laughton, iliipa ngano hii nguvu. Picha ya 1642 ililipwa na ikatundikwa ukutani mwa walioiagiza. Kufilisika kulikuja 1656, miaka 14 baadaye, kwa madeni ya nyumba na matumizi.

Kwa nini wanawake wasanii huonyeshwa kama wapenzi wa mtu?

Kwa sababu bado ni rahisi kuuza mapenzi kuliko patasi. *Camille Claudel* (1988), ya Isabelle Adjani, inamwacha mchongaji huyo mwaka 1913 akipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kana kwamba maisha yameisha pale mpenzi wake, mchongaji Rodin, alipoisha. Alikaa kule ndani miaka 30, hadi 1943. Bruno Dumont alilirudia deni hilo mwaka 2013: filamu ya siku tatu za 1915, Juliette Binoche akisubiri kutembelewa na kaka yake.

Lililo baya zaidi ni *Artemisia* (1997). Artemisia Gentileschi alibakwa na Agostino Tassi, mchoraji aliyeletwa kumfundisha, na kesi ilisikilizwa Roma mwaka 1612. Kumbukumbu za mahakama zipo. Walimfunga kamba vidoleni, vidole vya mchoraji, wakazikaza ili kupima kama anasema kweli, naye akarudia na kurudia: ni kweli, ni kweli. Filamu ikawageuza wapenzi, na chini ya kamba zile zile ikamfanya akatae kumshtaki. Kubadili tarehe ni kitu kimoja. Huku ni kubatilisha ushahidi wa shahidi.

Kwa upande mwingine, lipo jambo kwenye *Frida* (2002), kuhusu mchoraji wa Mexico Frida Kahlo, ambalo watu huniambia limezidi mno: ajali ya basi na tramu ya 1925, na vumbi la dhahabu linaloanguka juu ya mwili wake wenye damu. Hilo lilisimuliwa na kijana aliyekuwa naye ndani ya basi. Abiria mmoja alikuwa amebeba pakiti ya unga wa dhahabu.

Mwanamke asiyeonekana kabisa ni Jo van Gogh-Bonger, mjane wa Theo, mdogo wake Vincent. Ni yeye aliyezihifadhi picha, akazipeleka kwenye maonyesho mwaka baada ya mwaka, na akachapisha barua mwaka 1914. Bila yeye hiyo sehemu ya pili ya ukurasa huu isingekuwepo.

Lazima msanii awe mlevi au mgonjwa?

Sinema inapenda iwe hivyo. Sababu imeelezwa kwenye swali la kazi. Barua za Van Gogh zinasema kinyume: mashambulizi ya ugonjwa yalimzuia kuchora, na alichora yalipomwachia. Turner wa Mike Leigh ni dawa nzuri ya ngano hii: mzee tajiri, ananguruma, anakula kichwa cha nguruwe, anaamka alfajiri kutafuta mwanga.

## Maswali ya pembeni

Familia au bendi ikishiriki, filamu huwa ya kweli zaidi?

Huwa na nyimbo zaidi. *Straight Outta Compton* (2015), kuhusu kundi la rap la N.W.A, ilitayarishwa na Dr. Dre na Ice Cube miongoni mwa wengine, na kisa cha Dre kumpiga mwandishi wa habari Dee Barnes hakimo. Wanabendi wawili wa Queen walihusika kwenye filamu yao, na ndani yake wao ndio watu wenye busara, wanaolala mapema.

Na pale ambapo msanii hana habari zozote?

Kuhusu Rublev tunajua machache, kuhusu Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, machache vile vile. *Girl with a Pearl Earring* (2003) inampa yule msichana wa picha ya Vermeer jina na kazi ya utumishi wa ndani, kwa kufuata riwaya. Picha yenyewe, ya mwaka 1665 hivi, huenda si ya mtu fulani hata kidogo: ni aina ya picha za nyuso ambazo Waholanzi walizichora kuonyesha sura au vazi. Simlaumu mtu kubuni pale ambapo hakuna hati. Artemisia alikuwa na hati.

Filamu zinazokosea makusudi nizichukulieje?

Kwa utulivu. *Caravaggio* ya Derek Jarman (1986) ina kikokotoo na mashine ya kupiga chapa ndani ya karne ya 17, na hakuna anayedanganyika. *I'm Not There* (2007) imemgawa Bob Dylan kwa waigizaji sita, mmoja akiwa Cate Blanchett. Niko macho zaidi na makosa yaliyovaa suti: *A Complete Unknown* (2024) inamweka mtu akimpigia Dylan kelele za "Yuda!" kwenye tamasha la Newport, 1965, ilhali kelele zile zilipigwa Manchester, Mei 1966.

Je, kama mzushi ni msanii mwenyewe?

Hutokea sana. Frida Kahlo alizaliwa 1907 na alipenda kusema 1910, mwaka wa mapinduzi ya Mexico. Turner alidai alifungwa kwenye mlingoti wa meli kwa muda wa saa nne ili aione dhoruba. Wataalamu wengi wanatilia shaka, na Leigh ameiweka bila kutuambia tuiamini. Kuna filamu ya hali halisi ya 2006 kuhusu Bi Kidude, gwiji wa taarabu na unyago wa Zanzibar, ambayo jina lake lenyewe linataja ngano na maisha kwa pamoja, maana hata umri wake ulikuwa hadithi iliyobadilika kulingana na anayeuliza. Hapo filamu nzuri haikimbilii kusahihisha. Inakaa, inasikiliza, inamwacha avute sigara yake na aseme.

Nataka kuanza. Nianze na ipi?

Kama unataka kucheka na kulia, *Amadeus*. Kama una jioni nzima na kahawa, *La Belle Noiseuse*. *Séraphine* (2008) ni kwa siku ya utulivu: mfanyakazi wa ndani wa Senlis anayefua mashuka ya watu mchana, na usiku anachanganya rangi zake mwenyewe sakafuni, anaimba, anachora kwa vidole. Usisome chochote kumhusu kabla. Zima simu.